Sifa za Kukisia na Kujisahihisha

Gemu nyingi za kupigana huchora fremu 60 kwa sekunde, kila moja ikidumu takriban milisekunde 16.7, na fremu moja yatosha kutenga ngumi iliyokingwa na iliyopenya. Wachezaji wanapokutana kwa intaneti, umbali nao huingia ulingoni: hata mwanga ndani ya nyaya za kioo hutumia kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Ucheleweshaji huo haufutiki. Linaloamuliwa na fundi ni nani aubebe, na ubora wa rolbaki, mbinu ya kukisia amri za mpinzani na kujisahihisha baadaye, uko katika uamuzi huo.

Njia ya zamani iliutwika mkono wa mchezaji mzigo huo: amri yake ilicheleweshwa hadi ya mpinzani ifike, na mtandao ukiyumba, pambano zima lilikwama. Tony Cannon, mmoja wa waasisi wa Evo, mashindano ya gemu za kupigana, aliihamishia mashine mzigo huo kwa programu yake ya GGPO. Kitufe chako hutiiwa papo hapo, nacho cha mpinzani hukisiwa kuwa hakijabadilika. Taarifa ya kweli ikiyakanusha makisio, gemu hurudi kwenye hali iliyohifadhiwa, hurudia hesabu za fremu zilizopita kwa amri sahihi, na kuimaliza kazi hiyo kabla ya fremu inayofuata kuchorwa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwonyesha mtu jambo ambalo halikutokea. Ni kweli, lakini kwa nadra kuliko inavyodhaniwa. Hakuna binadamu anayebadilisha vitufe mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo makisio husibu mara nyingi. Na yakikosea, pigo huwa na fremu za maandalizi, hivyo masahihisho humeza mwanzo wa pigo, si kishindo chake. Umbali ukizidi, mhusika huruka-ruka kwenye skrini, ndiyo maana mafundi huchanganya rolbaki na ucheleweshaji kidogo usiobadilika.

Pingamizi zito zaidi ni gharama. Amri zilezile lazima zizae matokeo yaleyale kwenye mashine zote mbili, na fremu kadhaa zihesabiwe ndani ya muda wa moja. Hata hivyo, Super Smash Bros. Melee, gemu ya mwaka 2001 isiyoundwa kwa ajili ya intaneti, ilipata rolbaki mwaka 2020 kupitia Slippi, kazi ya mashabiki wenyewe. Tangu hapo, kampuni inayosingizia ugumu ina kibarua cha kujieleza: ugumu upo, ila mahali pake ni kwenye meza ya fundi, si kwenye vidole vya mchezaji.