Kutoka "Sisi ni Watani" hadi "Natania Tu": Hofu ya Kukwaza katika Mazungumzo ya Kiswahili

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, kauli "natania tu" hutamkwa aghalabu pale msemaji anapoona uso wa msikilizaji umebadilika. Kauli hiyo ndogo inastahili kuchunguzwa kipragmatiki, kwa kuwa kitenzi chake kina mzizi uleule na jina la taasisi kongwe ya utani, ilhali kazi inayoifanya ni kinyume cha kazi ya taasisi hiyo.

Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza utani kuwa uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine anatakiwa, kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Maelezo hayo yana nguvu kwa sababu yanauweka wajibu mahali pasipotarajiwa: mkosa adabu ni yule anayenuna. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, ni watani. Msibani, mtani anaweza kumwigiza marehemu, akadai alipwe chochote kabla shughuli haijaendelea, na wafiwa wakacheka kabla machozi hayajakauka. Maneno yenyewe ni makali. Ruhusa ya kuyasema inatokana na uhusiano uliokuwapo kabla hayajasemwa.

Sarufi inalithibitisha jambo hili. Asemaye "fulani ni mtani wangu" amekwisha kukiri kwamba naye ni mtani wa fulani, na kwamba zamu ya kujibiwa itafika. Kitenzi "taniana", chenye kiambishi cha kutendana, ndicho kinachobeba mantiki ya desturi yenyewe. "Sisi ni watani" hutangulia mzaha na iko katika wingi. "Natania tu" hufuata mzaha, iko katika nafsi ya kwanza umoja, na haimpi msikilizaji zamu yoyote. Inamwomba asamehe, na papo hapo inamlaumu kwa kutoelewa.

Hapa nadharia ya adabu ya Brown na Levinson, inayotajwa mno katika tasnifu za pragmatiki ya Kiswahili, inapungukiwa. Kwao, msemaji hupima umbali wa kijamii, mamlaka na uzito wa tendo, kisha huchagua mkakati. Upimaji huo unamweleza vizuri msemaji wa ofisini au wa kundi la WhatsApp, asiyejua nani atakwazika. Ndiyo maana husikika "samahani kama nitakukwaza" au "usinielewe vibaya" kabla hata ya neno lisilo na ubaya. Haumwelezi babu anayemwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" mbele ya wageni, bila kupima chochote, kwa sababu desturi ilikwisha kumpimia.

Kwa hiyo dai kwamba hofu ya kukwaza inaua ucheshi halina budi kurekebishwa. Ukali haupotei, unahama. Lililokuwa likisemwa usoni na mtani husemwa kisogoni na msengenyaji, au huvikwa fumbo, kama jina la kanga ambalo mvaaji anaweza kukana kuwa alimlenga jirani. Tofauti si ndogo, maana anayesengenywa hana zamu.

Kigezo hichohicho cha zamu kinawajibu wanaobeza kila tahadhari ya lugha. Neno "zeruzeru" limeachiwa nafasi na "mtu mwenye ualbino", na "kilema" na "mtu mwenye ulemavu", muundo ambao Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo imeufuata. Wapo wanaouona urefu huo kuwa woga mtupu. Lakini aliyeitwa zeruzeru hakuwa na jina la kumrudishia aliyemwita, na katika nchi ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, jina lililomtoa mtu katika utu halikuwa mzaha. Kati yake na mwitaji hapakuwa na utani ambao tahadhari hii ingeweza kuuvunja.

Penye zamu, ukali unaendelea kustawi. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, bado huitwa "watani wa jadi", na mashabiki wao huitana "Utopolo" na "Makolo" bila kuombana radhi. Inafaa kuangalia kwamba msamiati wa soka umelichukua neno la ukoo na kabila badala ya kuridhika na "mahasimu". Shabiki anayemkejeli mwenzake Jumatatu anajua kwamba timu yake itafungwa siku moja, na kwamba siku hiyo mwenzake atakuwa wa kwanza kumpigia simu. Mgeni akiingilia kati kwa kejeli hizohizo huulizwa kwanza: wewe ni wa timu gani?