Banda la Ndege: Neno Moja, Majengo Matatu

Katika tafsiri zinazohusu majengo ya ndege za vita za mwanzo, tumezoea kukuta neno moja tu: banda. Wako wanaolikataa kwa hoja kwamba linayavunjia hadhi majengo ya kihistoria, nao hupendelea kusema hanga. Hoja hiyo hatuikubali. Neno la Kifaransa lililozaa hanga lilikuwa na maana ya kibanda cha kuwekea mikokoteni. Waingereza nao waliyaita mabanda yale majengo yaliyojengwa Montrose, Uskochi, mwaka 1913, ambayo hata leo yanajulikana kwa jina la Meja Burke. Banda, basi, halina aibu.

Kasoro iko kwingine: neno hili limebebeshwa mzigo usio wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) ndege zilihifadhiwa pia katika Bessonneau, yaani kiunzi cha mbao kilichofunikwa kwa turubai, kilichoweza kufunguliwa na kuhamishwa. Hilo kwetu ni hema. Tena, huko Duxford, Uingereza, yalijengwa mwaka 1917 na 1918 majengo ya matofali yenye kenchi za Belfast. Kenchi hizo ni mbao nyembamba zilizopishanishwa na kupigiliwa misumari baina ya upinde wa juu na boriti ya chini, nazo huvuka upana mkubwa pasipo nguzo katikati. Mafundi seremala wetu wanalo neno kenchi. Mfasiri aandikapo "paa la mviringo" huificha kazi yao.

Jambo hili si la maneno matupu. Mwaka 1968 jengo mojawapo la Duxford lililipuliwa ili kupiga picha za filamu ya Battle of Britain. Msomaji akiambiwa tu kwamba "banda lililipuliwa", hatajua kilichopotea, wala hataelewa kwa nini yaliyosalia yanalindwa kisheria.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: hema la ndege kwa lile la turubai, banda la ndege kwa lile la kawaida, na banda la kenchi kwa yale yaliyo kama ya Duxford. Hatudai kuwa tumefika mwisho. Mafundi na wafasiri wenye maneno yafaayo zaidi na wayalete, tuyapime pamoja.