Pongezi kwa Madaktari Binafsi wa India

Nchini India, mgonjwa wa kifua kikuu mara nyingi huanzia kwa daktari binafsi wa mtaani, na kwa miaka mingi wagonjwa wa namna hiyo hawakuonekana katika takwimu za serikali. Mwaka 2012 iliagizwa kila mgonjwa aripotiwe, na ukaanzishwa mfumo wa kompyuta uitwao Nikshay. Amri peke yake haikufua dafu: mwaka 2013 sekta binafsi iliripoti wagonjwa wapatao 38,000 tu, ilhali mwaka 2019 walizidi 670,000. Naamini siri ya badiliko hilo ni heshima. Katika miradi ya Mumbai na Patna iliyoanza 2014, wahudumu waliwafuata madaktari walipo, wakawapunguzia kazi ya kujaza taarifa, na mgonjwa akapata dawa bila malipo huku akibaki kwa daktari wake. Daktari hakuogopa tena kumpoteza.

Wapo wanaouliza kwa nini daktari alipwe rupia 500 kwa kumripoti mgonjwa, jambo ambalo ni wajibu wake wa kisheria. Swali ni la haki, lakini kuripoti hula muda wa mtu asiye na karani, na rupia 500 nyingine hutolewa matokeo ya matibabu yakijulikana, kwa hiyo daktari ana sababu ya kumfuatilia mgonjwa mpaka mwisho wa dozi. Hofu ya siri ya mgonjwa kuvuja ni nzito zaidi, kwa kuwa ugonjwa huu bado huvunja ndoa na ajira. Ndiyo maana wahudumu wanaobisha hodi nyumbani kwa wagonjwa bila sare wala gari lenye nembo wanastahili pongezi zilezile.