"Jeni Dhaifu" na Hasara ya Mfugaji

Istilahi hupimwa kwa kazi inayomfanyia mtumiaji, wala si kwa utamu wake masikioni. Kwa kipimo hicho, tunaona kuwa jozi ya "jeni tawala" na "jeni dhaifu", ambayo baadhi ya walimu na wafasiri huitumia wanapoeleza urithi wa sifa za mifugo, ina kasoro kubwa.

Tumchukulie mfugaji wa Buseresere, mkoani Geita, mwenye ng'ombe wa Friesian wa mabaka meusi. Jike wake, aliyepandwa na fahali wa mabaka meusi, anazaa ndama wa mabaka mekundu. Majirani watamshuku fahali mwingine. Elimu ya urithi haiwaungi mkono moja kwa moja: ndama hupokea jeni moja ya rangi hiyo kutoka kwa kila mzazi, na weusi hufunika wekundu. Iwapo wazazi wote wawili wamebeba jeni ya wekundu, kila ndama wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mwekundu.

Mfugaji huyo akiambiwa kwamba ndama wake ana "jeni dhaifu" mbili, ataelewa nini? Atadhani ni mgonjwa, amwuze mnadani kwa hasara. Kumbe jeni hiyo haikudhoofika; ilijificha tu, ikajitokeza tena ikiwa kamili. Ndivyo Gregor Mendel alivyoonyesha kwa njegere katika makala yake ya mwaka 1866.

"Tawala" nayo humfanya msomaji adhani kwamba sifa hiyo ndiyo iliyoenea. Fahali wa Aberdeen Angus hurithisha ukosefu wa pembe, nao hufunika sifa ya pembe. Hata hivyo, zebu wa asili wa Usukuma wana pembe. Kufunika ni jambo moja, kuenea ni jingine.

Tunapendekeza "jeni dhahiri" na "jeni fiche", maneno ambayo wasemaji wanayo tayari. Huenda mtu akapinga kwamba wekundu wa ndama yule unaonekana, basi ufiche uko wapi? Jibu letu ni kwamba istilahi inataja hali ya jeni inapokutana na mwenziwe aliye dhahiri; zikikutana fiche mbili, hakuna wa kuzifunika.

Tunakiri kuwa "tawala" imekwisha kuzoeleka madarasani. Anayeihitaji aitumie pamoja na ufafanuzi. Lakini "dhaifu" hatuoni hoja ya kuitetea. Mfasiri anayeiandika katika kitini cha ufugaji akumbuke kwamba msomaji wake ataamua juu ya ng'ombe kwa neno hilo.