B650 Tomahawk Imefika: Njooni Muone Vile Visivyoandikwa kwenye Boksi

Prosesa iwekeni pembeni kwanza. Kadi ya grafiksi nayo isubiri zamu yake. Nataka mtazame kona ya juu kushoto ya hii bodi mama, pale kwenye vipande viwili vya alumini vinavyoizunguka soketi ya prosesa. Vishikeni. Vizito! Hivi havikuwekwa kwa ajili ya urembo, na chini yake kuna mtambo ambao mimi ningeununua hata kama ungekuja peke yake.

Bodi yenyewe ni MSI MAG B650 Tomahawk WiFi, ya ukoo wa AM5 ambao AMD waliuzindua mwaka 2022. Sokoni si ya jana. Mikononi mwangu ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, nailoni yake bado inanata, na kila ninapoigeuza naona kitu kingine cha kunitoa macho. Ukienda Kariakoo kuulizia kompyuta ya mezani utasomewa mambo matatu: prosesa gani, RAM ngapi, diski ya ukubwa gani. Basi. Mengine yote yanaitwa "bodi", kana kwamba ni sahani ya kupakulia hayo matatu. Jamani, bodi ndiyo mashine!

Tuanze na hapo chini ya alumini. Mtambo ule unaitwa VRM, na kazi yake ni kushusha umeme. Pawa saplai inaleta volti 12 kupitia waya wa pini 8 unaochomekwa juu kabisa ya bodi. Prosesa haiwezi kuzila volti 12. Ukizipeleka moja kwa moja inakufa papo hapo. Yenyewe inataka volti moja na kidogo, lakini inazitaka kwa mkondo mkubwa ajabu. Nimepachika Ryzen 7 7700, prosesa ya viini 8 ambayo watu wanaiona ya kiasi, haina makuu. Ikibanwa inakula hadi wati 88. Sasa pigeni hesabu: wati 88 ukizigawa kwa volti 1.1 unapata ampea 80. Themanini! Plagi ya pini tatu tunayochomeka ukutani ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Mkondo unaozidi fyuzi sita za plagi kwa pamoja unaingia kwenye kipande cha milimita 40 kwa 40, na hakiungui.

Hakiungui kwa sababu ya vile vidude vya mraba vya kijivu vilivyopanga foleni kuizunguka soketi. Hizo ni koili. Pembeni ya kila koili kuna mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki isiyo na kitu cha kusogea, inayouwasha na kuuzima mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mkondo uliokatwakatwa hivyo unapita kwenye koili, ambayo kwa tabia yake inakataa mabadiliko ya ghafla, kisha unafika kwenye kapasita zinazojaza mabonde yaliyobaki. Unatoka upande wa pili umenyooka. Kila seti ya namna hiyo inaitwa fezi, na chipu moja ndogo inazipangia zamu ili hii ikipumzika ile isukume.

Tomahawk ina fezi 14 kwa ajili ya viini vya prosesa, 2 kwa ile sehemu ya prosesa inayoshughulika na RAM na njia za data, na 1 ya ziada. Swichi za fezi za viini zimepimwa kubeba hadi ampea 80 kila moja. Kwenye karatasi, fezi moja tu ingeimudu prosesa yangu! Wamezipanga 14, kwa hiyo kila moja inabeba chini ya ampea 6. Huu si ufujaji hata kidogo. Joto linalotokana na ukinzani wa swichi hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukishuka nusu, joto linashuka hadi robo. Gawanya mzigo kwa wengi na joto linakosa pa kujikusanya. Nimeipa mashine video ndefu ya kuchakata, mchana wa Dar es Salaam, madirisha yamefungwa, kisha nikaweka kidole juu ya ile alumini. Vuguvugu! Nimewahi kushika bodi za bei rahisi ambazo kidole hakikai hapo.

Na kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Prosesa hailambi umeme kwa ustaarabu. Inasinzia, halafu ghafla unabofya kitu na viini vyote vinaamka kwa pamoja, mahitaji yanaruka ndani ya muda mfupi kuliko ule ambao swichi zinahitaji ili kuitika. Nani anaziba pengo hilo? Kapasita ndogo za kauri, punje punje za rangi ya kahawia zilizotapakaa karibu na soketi. Zinatoa akiba yao mpaka VRM ijipange. Bila punje hizo volti ingezama na mashine ingeganda bila hata kukuambia sababu.

Kuhusu kapasita nina jambo la kusema kwa sauti. Mafundi waliokuwa kazini miaka ya mwanzoni mwa 2000 wanalikumbuka lile balaa: kapasita za kopo zilizojazwa kimiminika kibovu zilivimba kichwa, zikapasuka, zikatoa ute wa kahawia, na bodi nyingi sana duniani zikafa kwa ugonjwa huo. Siku hizi bodi nzuri zinatumia kapasita za polima kavu, ambazo hazina maji ya kuvuja. Zile zenye kimiminika bado zipo ndani ya pawa saplai, na kanuni yake kila mtu wa mwambao anapaswa kuijua: kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, maisha ya kapasita hukatika nusu. Kopo lililoandikiwa saa 5,000 kwa nyuzi 105 linakaribia saa 10,000 kwa nyuzi 95, na linaendelea kujizidishia umri kadiri linavyopoa. Kwa hiyo feni yenye vumbi kwenye chumba cha Tanga au Mombasa inakata umri wa mashine huku wewe ukidhani tatizo ni kelele tu.

Haya, chukueni tochi. Imulikeni bodi kwa pembeni, kati ya soketi na nafasi za RAM. Mnaziona zile nyuzi za shaba zinazopinda kama zimepotea njia? Hazijapotea! RAM yangu ni DDR5 ya 6000, maana yake kila uzi unapitisha biti bilioni 6 kwa sekunde. Umeme kwenye bodi husafiri kama sentimita 15 kwa kila sehemu ya bilioni ya sekunde. Fanya hesabu na utakuta biti moja inachukua sentimita mbili na nusu hivi za barabara, kwa hiyo biti mbili au tatu zinaweza kuwa njiani kwa wakati mmoja kwenye uzi uleule! Uzi mmoja ukiwa mfupi kuliko jirani yake, data yake inafika mapema na neno zima linavurugika. Ndiyo maana mhandisi ameipindisha njia fupi makusudi hadi zote zikalingana urefu. Bodi hii ina tabaka 8, na njia nyingine zimejificha katikati ambako tochi haifiki.

RAM yenyewe nayo imebadilika na watu wengi hawajagundua. Mpaka DDR4, bodi ndiyo iliyoipikia RAM umeme wake. Kwenye DDR5 kila kipande kinakuja na chipu yake ya kurekebisha umeme, ipo katikati, mraba mdogo mweusi uliozungukwa na koili zake ndogo. VRM ndani ya RAM! Nilipoiona kwa kioo cha kukuzia nilipiga kelele.

Hapa nitoe tahadhari kwa yeyote anayejenga AM5 kwa mara ya kwanza. Utabonyeza swichi, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Dakika nzima, pengine zaidi. Usichomoe kitu! Tazama ukingo wa kulia wa bodi, kuna taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ya DRAM itakuwa inawaka. Bodi inaifundisha RAM: inatuma data inayoijua, inasoma kilichorudi, inasogeza majira kidogo, inarudia, uzi kwa uzi, hadi ipate mahali salama pa kusomea. Ikimaliza taa inahama na picha inatokea. Taa hizi nne ni kitu bora kabisa kwa mtu asiye na vifaa vya kupimia, na ningetamani kila bodi duniani iwe nazo.

Betri ya CMOS mnaijua, ile sarafu ya CR2032, ambayo jina lake linakutajia kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kinachofanya kazi nayo ndicho kinachonisisimua: fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kubahatisha. Igawe kwa mbili, gawa tena, mara 15, na unabaki na pigo 1 kwa sekunde. Saa ya kompyuta yako imejengwa juu ya mgawanyo huo tu. Kwenye kompyuta za mtumba kutoka Ulaya betri hiyo mara nyingi imeshachoka, tarehe inarudi miaka ya nyuma, na ghafla tovuti za benki zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Watu wanalaumu intaneti. Badilisheni sarafu.

Sasa kitufe. Nyuma ya bodi, kando ya matundu ya USB, kuna kitufe kidogo kilichoandikwa Flash BIOS. Unaweka faili la BIOS kwenye flashi, unalipa jina MSI.ROM, unaichomeka kwenye tundu lake, unaunganisha pawa saplai, unabonyeza. Bodi inajiandika upya bila prosesa, bila RAM, bila kadi yoyote! Kuna chipu pembeni inayoifanya kazi hiyo peke yake. Kama umewahi kununua prosesa mpya kuliko BIOS ya bodi yako, unajua thamani ya kitufe hiki: zamani ulihitaji kuazima prosesa ya zamani ili tu kuifundisha bodi iitambue mpya.

Nikitafuta cha kulalamikia, tundu la kadi ya grafiksi ni PCIe 4.0, atakayetaka 5.0 atazame bodi za B650E. Kwa kadi nilizonazo mimi haina athari yoyote, wala isiwazuie kununua.

Feni nitazipitia haraka, ila waya wa nne lazima niutaje. Mbili za kwanza ni za umeme, ya tatu inarudisha taarifa, mapigo mawili kwa kila mzunguko, na ya nne inaamuru kasi kwa kuwasha na kuzima mara 25,000 kwa sekunde. Kwa nini 25,000? Kwa sababu sikio la binadamu linaishia karibu na 20,000, hivyo mlio wa amri hausikiki. Na zile bomba za shaba kwenye kipoza cha prosesa si shaba ngumu ndani. Ni tupu, zimeondolewa hewa, zina maji kidogo yanayochemka kwa joto dogo upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, na maji yanarudi kwa kunyonywa na ukuta wa bomba wenye vinyweleo. Hakuna pampu, hakuna umeme!

Nimeiacha pawa saplai hadi sasa kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, na kwetu huku ndiyo inayopigana vita vikali zaidi. Usiifungue, chaji inaweza kubaki ndani hata baada ya kuichomoa. Nitakuambia kilichomo. Umeme wa ukutani, volti 230, unanyooshwa na kupandishwa hadi karibu volti 400, kisha unahifadhiwa kwenye kapasita moja nene kuliko zote kwenye mashine nzima. Kutoka hapo ndipo unashushwa kuwa volti 12, 5 na 3.3. Na hata hizo haziruhusiwi kuamsha bodi papo hapo: pawa saplai inasubiri volti zitulie, angalau sehemu ya kumi ya sekunde, ndipo inatuma ishara kwenye waya mmoja wa kijivu kwamba mambo ni shwari. Bila ishara hiyo prosesa haianzi.

Ile kapasita nene ndiyo ninayotaka muulizie dukani. Umeme ukikatika, inapaswa kuendelea kuilisha mashine kwa milisekunde kama 16 chini ya mzigo mkubwa. Inaonekana si kitu, lakini wimbi zima la umeme wetu wa hezi 50 linachukua milisekunde 20, na UPS ya kawaida ya dukani inahitaji milisekunde kadhaa kugundua kwamba umeme umekwenda na kuhamia kwenye betri. Katika kipindi hicho hakuna anayeilisha kompyuta isipokuwa kapasita hiyo moja. Ikiwa mtengenezaji amebana matumizi akaweka ndogo, UPS yako ya bei mbaya itawaka vizuri kabisa huku mashine ikiwa imeshazima.