Panya Alilamba, Je, Aliona?

Wataalamu wa ubongo wamepata uwezo ambao wazee wetu wangeuita uganga. Mwaka 2019 maabara ya Karl Deisseroth, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilitoa taarifa ya panya waliofundishwa kulamba maji walipoonyeshwa mistari ya namna fulani. Wataalamu walitazama kwa darubini ni seli zipi za ubongo zilizoamka mbele ya mistari hiyo. Kisha wakazichokoza chache kati yake kwa mwanga wa leza, mwishowe bila mistari yoyote. Panya wakalamba vilevile.

Naisifu kazi hii. Kuona seli ikiamka ni kuona dalili tu. Jogoo huwika alfajiri, lakini si yeye aletaye jua. Kuichokoza seli na kupata tendo ni kukikaribia chanzo chenyewe. Ila wasimuliaji wengi huongeza chumvi hapo, wakasema panya "aliona". Tunachokijua ni kwamba alilamba. Aliona mistari, au alisikia tu kitu kikimsukuma alambe? Hana kinywa cha kutuambia.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunakijua kitu kingine kigusacho ubongo, nacho hakichagui seli: zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake humwingia mapafuni hadi ubongoni. Mwaka 2003 watu 180 wa Rwamagasa walipimwa na kulinganishwa na 31 wa Katoro. Waliambiwa waguse pua kwa kidole, wagonge kwa penseli, warudishe njiti za kiberiti kwenye kisanduku chake. Kati ya wachomaji 99, 25 walionekana wamedhurika kwa sumu hiyo.

Msomaji atasema malaria, pombe na uchovu pia hutetemesha mkono. Ni kweli, ndiyo maana watu wa Katoro walihitajika, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumtia mtu sumu ili kuhakikisha. Lakini mchimbaji anacho ambacho panya hana: aweza kueleza ganzi ilianza lini, na kwa kidole kipi. Tukiwa tayari kusadiki kwamba panya ameona kwa kuwa amelamba, basi mchimbaji asiambiwe "ni uchovu tu" kwa kuwa hana picha ya ubongo wake. Asikilizwe, apimwe mkojo, na aondolewe kwenye moshi ule mapema.