Wino wa Kabambare Haukukamuliwa Tundani

Mliziona picha za shajara ya mpelelezi David Livingstone ya 1871. Kuyafanya yasomeke tena maandishi yaliyofifia juu ya gazeti la Standard la 24 Novemba 1869 ni kazi safi. Lakini maelezo yaliyosambaa nazo mwaka 2011 yalisema wino ulitokana na tunda dogo la porini, na hapo pamekosewa vibaya.

Livingstone, aliyekwama Kabambare, nchini mwa Wamanyema, kwa vidonda vya miguu mwaka 1870, aliandika wazi: wino wake ni wa mbegu za mmea ambao Waarabu waliuita kwa jina linalosikika kama zingefuri, na Wamanyema walizitumia kutia rangi viramba, nguo zao, na kupamba nyuso na vichwa. Jina, mbegu, rangi ya nguo, pambo la kichwa: vyote vinaelekeza kwenye mzingefuri, Bixa orellana. Ushahidi zaidi ya huo walioandika maelezo hayo walitaka upi?

Tunda la mzingefuri halikamuliwi. Ni ganda lenye miiba laini. Likikauka hupasuka vipande viwili, na ndani zimo mbegu ndogo nyingi zilizovikwa utando mwekundu kama nta. Rangi imo kwenye utando huo, nao hutolewa kwa kuloweka na kusugua. Kosa hili linaziba hata swali kubwa la shajara yenyewe, la kwa nini maandishi yalififia. Rangi ya zingefuri, biksini, hupatana na mafuta kuliko maji, na mwanga huiua. Ukishaandika "tunda la porini", huna tena pa kuanzia kueleza hayo.

Ugonjwa huu wa kukisia kwa sura ni uleule ninaoulalamikia kila ninapoona mashada ya matunda makavu. Muuzaji huchanganya zingefuri na mbarika kwa kuwa maganda ya yote mawili yana miiba. Fungua ganda! La mbarika lina vyumba vitatu, kila kimoja na mbegu moja kubwa yenye madoadoa, na mbegu hiyo ina risini, sumu inayoua. Hilo si pambo la kuachiwa mtoto.

P. J. Greenway, katika kamusi yake ya majina ya mimea ya 1940, aliliweka jina la Kiswahili la mmea kando ya jina lake la kitaalamu, bila kukisia kwa sura. Kabla yake, Wamanyema waliopaka rangi viramba vyao walijua vema mbegu ipi ya kuchuma.

Wahariri, yarekebisheni maelezo hayo: wino wa mbegu za zingefuri, Kabambare.